Vita Baridi viliunguza: Kasoro ya tafsiri tuliyoizoea

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili aliniletea sura ya pili ya tasnifu yake majuzi. Anachunguza riwaya ya kisiasa ya Kiswahili baada ya uhuru. Kwenye aya ya kwanza alikuwa ameandika kwamba Vita Baridi ni uhasama wa maneno na itikadi baina ya mataifa ya kikomunisti na mataifa ya kidemokrasia, uliodumu tangu 1945 hadi 1991 bila umwagaji wa damu. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaiweka chini, nikaichukua tena. Kumlaumu yeye pekee ningemwonea. Sentensi kama hiyo nimeisoma katika miongozo ya shule, nimeisikia redioni, na nikisema kweli, zamani nami niliwahi kuifundisha.

Karatasi zile nilizibeba hadi nyumbani Keringet. Anayeijua Keringet, huku Kuresoi Kusini, anajua kwamba mtu wa huku hafundishwi baridi. Asubuhi ya Jumamosi jirani yangu alinijia langoni, mikono imezama mifukoni, akasema: “Prof, baridi imechoma viazi zote.” (Ngeli tumwachie leo, ana msiba.) Tuliandamana hadi shambani. Majani yalikuwa meusi, yamejikunja, kana kwamba mtu alipita usiku na kibiriti akiwasha shina moja baada ya jingine. Hivyo ndivyo sakitu hufanya. Haitoi moshi wala haiachi majivu, lakini mkulima wa viazi hana kitenzi kingine cha kuieleza ila kuchoma.

Basi nikarudi kwenye karatasi zangu.

Istilahi yenyewe tuliipokea kwa tafsiri sisisi kutoka Kiingereza. George Orwell aliitumia katika makala yake ya Oktoba 1945 kuhusu bomu la atomiki, miezi miwili tu baada ya Hiroshima. Miaka miwili baadaye mwandishi wa habari Mmarekani, Walter Lippmann, akaifanya jina la kitabu, nayo ikaenea. Kwao sitiari hiyo ilikuwa na mantiki. Pale Ulaya majeshi ya pande mbili yalitazamana, makombora ya nyuklia yakaelekezwa huku na huku, na hakuna aliyethubutu kufyatua la kwanza. Silaha zilikuwa baridi kwa maana hiyo, yaani hazikupigwa.

Kiswahili nacho kina ‘baridi’ zake. Tuna maji baridi, yasiyo ya chumvi. Tuna vinywaji baridi, visivyolewesha. Tuna mgomo baridi, ambapo mfanyakazi huja kazini akaketi asifanye lolote. Nashuku kwamba msomaji wa Kiswahili akikutana na ‘Vita Baridi’ anaisoma kwa miwani ya ‘mgomo baridi’: vita vilivyopo lakini havipiganwi. Laiti tungeisoma kwa miwani ya ‘baridi yabisi’, ule ugonjwa unaoingia kwenye viungo ukakaa humo miaka arobaini, tungekaribia ukweli zaidi.

Kuna kisa kimoja cha Zanzibar ambacho kila mwanafunzi wa tafsiri angepaswa kukijua. Ni Januari 1965. Mapinduzi yanatimiza mwaka mmoja tarehe 12, na Muungano na Tanganyika hauna hata miezi tisa. Balozi mdogo wa Marekani visiwani ni kijana anayeitwa Frank Carlucci. Anazungumza kwa simu na Robert Gordon, afisa wa ubalozi wao kule Dar es Salaam. Kwa maelezo ya Wamarekani wenyewe, wawili hao walitaka serikali yao iitumie Zanzibar salamu za pongezi za maadhimisho hayo. Wakubwa wa Washington walisitasita, hivyo wakasemezana kuwa walihitaji ‘risasi’ zaidi za kuwashawishi. Mzungumzaji wa Kiingereza husema hivyo kila siku akimaanisha hoja. Simu ilikuwa ikisikilizwa. Kabla mwezi haujaisha wote wawili walikuwa wamefukuzwa nchini kwa tuhuma za kula njama.

Kisa hiki husimuliwa, hasa na Wamarekani, kama kichekesho cha lugha: Waafrika hawakuelewa nahau, ati. Don Petterson, aliyehudumu katika ubalozi huo huo mdogo, ana kitabu kizima juu ya miaka hiyo kilichotoka 2002, na hata jina lake linakiita hadithi ya Mmarekani ya Vita Baridi. Ni kitabu chenye mengi ya kufaa. Ila mimi ninawatetea waliosikiliza simu. Kufasiri si kujua maneno tu. Mfasiri hulisikia neno akiwa amesimama mahali fulani, na mahali hapo humwambia maana ipi iko karibu.

Waliosikiliza walikuwa wamesimama wapi? Novemba 1964 Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, Oscar Kambona, alitangaza kwamba zimepatikana nyaraka za njama ya nchi za Magharibi ya kuiangusha serikali. Baadaye nyaraka zile zilionekana kuwa za kughushi, lakini hofu haikuwa ya kughushi. Mwezi huo huo, tarehe 24, ndege za Marekani ziliwashusha askari wa miavuli wa Ubelgiji mjini Stanleyville, leo Kisangani, kuwaokoa mateka wa Kizungu na kuwavunja nguvu waasi. Waasi hao walijiita Simba, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zao za vita. Ndege za kivita walizopambana nazo ziliendeshwa na Wakuba waliomkimbia Fidel Castro na kuajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani.

Sasa mtu aliyesoma habari hizo wiki baada ya wiki anavaa vidude vya masikioni Januari, anamsikia Mmarekani akisema anahitaji risasi. Kweli tunamtarajia aseme, “Loo, sitiari nzuri hiyo”? Washington risasi ilikuwa nahau. Ng’ambo ya Ziwa Tanganyika ilikuwa risasi.

Miezi mitatu baadaye hata Kiswahili chenyewe kiliandikishwa jeshini. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa hilo kutoka Kigoma na kundi la wapiganaji kutoka Kuba kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Ili kuficha majina yao walijibandika tarakimu za Kiswahili. Kamanda aliitwa Moja, mwenzake Mbili, na Che mwenyewe, mmoja wa wanamapinduzi maarufu zaidi duniani, akaitwa Tatu. Kufikia Novemba walikuwa wameshindwa na kuondoka. Zingatia basi, msomaji: Wakuba wa upande huu na Wakuba wa upande ule, wakipigana katika nchi ambayo si yao, na wengine wao wakiitana kwa hesabu za chekechea zetu. Vita gani hivyo vya maneno?

Mwanafunzi wangu aliponijia kuzungumza, alinitajia methali ya fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Nilimwambia methali hiyo imechoka na tena inatupunja. Nyasi hazitoi kitu vitani, nasi tulitoa. Urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwa wingi katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, uliomilikiwa na kampuni ya Union Minière. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi katika migodi ya kampuni hiyo. Ushindani wote wa nyuklia ambao huko Ulaya uliitwa baridi ulianza na jembe la mtu aliyesema Kiswahili chini ya ardhi. Na ni Katanga hiyo hiyo ambako Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Huwezi kuandika “bila umwagaji wa damu” na wakati huo huo kumtaja Lumumba katika sura ya tatu, kama alivyofanya mwanafunzi wangu.

Kosa lake la pili liko kwenye kile kiungo ‘na’. Wakomunisti huku na wanademokrasia kule: jozi hiyo haikai sawa. Ukomunisti unahusu nani amiliki mali. Demokrasia inahusu nani atawale na aondolewe vipi. Kinyume cha ukomunisti ni ubepari, na kinyume cha demokrasia ni udikteta. Anayeoanisha ukomunisti na demokrasia amekubali mapema tafsiri ya upande mmoja wa ugomvi, kama refa aliyevaa jezi. Sisemi kwamba Moscow ilikuwa na uchaguzi huru. Haikuwa nao. Ninachosema ni kwamba ukikipeleka kipimo hicho Kenya kinavunjika mikononi.

Kenya ilisimama upande upi? Waraka Nambari 10 wa 1965 ulitangaza usoshalisti wa Kiafrika, ukaandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake mali ya mtu binafsi na mtaji wa kigeni vikapewa nafasi yao. Tanzania ilipotoa Azimio la Arusha Februari 1967, ililitoa kwa Kiswahili, na mara neno ‘ujamaa’, lililokuwa la ukoo na jikoni, likawa jina la sera ya taifa. (Kama sera ilifaulu ni mjadala mwingine. Kilugha walitushinda.) Kwetu sisi msamiati wa itikadi ulifanya kazi nyingine kabisa. ‘Mkomunisti’ lilikuwa jina la kumbandika mpinzani. Jaramogi Oginga Odinga alibandikwa, akaondolewa unaibu wa chama katika mkutano wa Limuru Machi 1966, na chama chake cha KPU kikapigwa marufuku Oktoba 1969. Kuanzia hapo tukabaki na chama kimoja, na 1982 tukakiandika kwenye Katiba. Miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa tumeshawaruhusu Wamarekani kutumia bandari ya Mombasa kwa manowari zao. Kwa hesabu ya mwanafunzi wangu, hapo tulikuwa kambi ya kidemokrasia!

Ni heri tuyaangalie maneno ambayo Kiswahili kilijitungia bila kuazima sitiari ya mtu. Beberu, mbuzi dume mwenye kutisha zizi zima, akawa mkoloni na mrithi wake. Kibaraka akawa mtawala anayechezeshwa kwa uzi. Zanzibar wafuasi wa Abdulrahman Babu na chama chake cha Umma, ambao baadhi yao walipata mafunzo ya kijeshi Kuba, waliitwa makomredi, na neno likabaki visiwani hata baada ya wenye nalo kutupwa magerezani.

Kuna na neno ‘haini’. Shafi Adam Shafi, aliyesoma Ujerumani Mashariki na baadaye akaonja jela ya Zanzibar, aliliteua kuwa jina la riwaya yake ya 2003, iliyochota kutoka kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume tarehe 7 Aprili 1972. Mhusika wake Hamza anajifunza gerezani kwamba haini ni mtu yeyote ambaye dola imeamua kumwita hivyo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo riwaya ya Vita Baridi ya Kiswahili, ingawa wahakiki wetu huiweka kwenye kabati la ‘riwaya za gerezani’ na kuifungia humo. Mmarekani ana hadithi yake ya vita vile. Hamza ana yake, nayo inahitaji kusomwa sambamba na ile. Carlucci alifukuzwa kwa ajili ya nahau, akaenda zake, na Novemba 1987 akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, wiki chache kabla ya Reagan na Gorbachev kutia saini mkataba wa kuteketeza makombora ya nyuklia ya masafa ya kati. Babu alikaa kizuizini Tanzania Bara hadi 1978, hukumu ya kifo kutoka Zanzibar ikimning’inia kichwani.

Je, tuitupe istilahi? La. ‘Vita Baridi’ imeshaingia kwenye kamusi, mitihani na vichwa vya watu, na sina subira na wanaotunga istilahi mpya kila wanapokereka. Siku hizi magazeti yanaandika juu ya Vita Baridi vipya baina ya Marekani na China, wala hakuna atakayewazuia. Nilichomwandikia mwanafunzi wangu pembeni mwa karatasi ni kidogo tu. Abakize jina. Afute “bila umwagaji wa damu”. Afute “kidemokrasia” aandike “kibepari”, au aeleze kwa nini hataki. Na Shinkolobwe itangulie Berlin.

Jumatatu alinitumia ujumbe: “Asante Prof. Na Kisumu je, niiweke?” Alikuwa na maana ya Oktoba 25, 1969, siku Mzee Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Yeye na Odinga walirushiana maneno makali mbele ya umati, ghasia zikazuka, walinzi wakafyatua risasi na watu wakafa. Siku chache baadaye ndipo KPU ilipopigwa marufuku. Hospitali hiyo imebadilishwa jina rasmi zaidi ya mara moja, na leo inaitwa kwa jina la Jaramogi mwenyewe. Wakazi wengi wa Kisumu bado wanaiita Russia. Nilimjibu aanze sura na jina hilo.