Nta ya Mzinga Mtupu

Baba yangu mdogo hajui Brahim Díaz ni nani. Jioni ya tarehe 4 Januari 2026 alikuwa kwangu Tabora mjini, amekuja kutoka Sikonge kuwaona wajukuu, nikamvuta twende kibanda umiza kuangalia Taifa Stars ikicheza na Morocco kule Rabat. Akakaa benchi la nyuma, kofia mapajani, hakuuliza kitu. Dakika ya 64 Díaz akaifungia Morocco. Dakika za nyongeza vijana wote wakawa wamesimama wakidai penalti, mwamuzi akapeta. Moja bila, safari ya AFCON ikaishia hapo. Watu wakatoka kimya, hata muuza karanga wa mlangoni hakupata wa kumsemesha.

Njiani mzee akauliza, "Sasa wamebakiza nini?"

Nikadhani hajaelewa. Nikamweleza kwamba hii ni hatua ya mtoano, ukifungwa unafungasha, hakuna kinachobaki. Akaguna tu. Ilinichukua siku mbili tatu kukumbuka kwamba swali hilo ni lake la miaka yote, ila huwa analiuliza akiwa chini ya mti.

Baba mdogo ni mfuga nyuki, na mizinga yake ni ya magogo. Anachagua gogo la mninga lisilo na ufa, analipasua kwa urefu, kisha kila nusu anaikwangua kwa tezo mpaka ukuta ubaki unene wa vidole viwili hivi. Nusu mbili zinarudishwa pamoja, zinafungwa kwa kamba, mlango wa nyuki unaachwa mdogo. Ukimwona akikwangua utadhani anachonga ngoma: anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anakwangua tena. Wapo wanaotumia magome. Huo ni mzinga mwepesi na wa haraka, lakini mti ukishavuliwa gome umekufa, na mara nyingi ni mti uleule wa miyombo ambao ua lake ndilo linalowalisha nyuki. Baba mdogo hawagombezi wenye mizinga ya magome, ila hanywi nao chai. Gogo la mninga, anasema, linamzika mchongaji.

Kisha mzinga unapandishwa. Kulabu ya mti, kamba ndefu, tawi ambalo nyegere hatalifikia kirahisi. Anaulaza umeinama kidogo upande wa mlango, maji ya mvua yasituame ndani. Na hapo mikono yake imefika mwisho wa kazi. Ng'ombe unamnunua mnadani, mbegu unaipanda ukajua umeipanda, lakini nyuki wa porini huwezi kwenda kumchukua ukamweka. Unamwandalia nyumba, unaondoka. Akija, kaja. Mwezi wa sita na wa saba, msimu mkubwa wa kurina, mizinga mingine inashushwa usiku kwa kienge cha moshi ikiwa mizito hadi kamba inalia. Mingine ni mitupu. Nyuki hawakuja, au walikuja wakahama: siafu waliwaingilia, au moto wa msituni ulipita, au maua yalikuwa haba mwaka ule.

Kwa mzinga uliohamwa ndipo anapouliza: wamebakiza nini? Anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Vipande vya masega makavu, gundi nyeusi iliyoganda kwenye kuta, nta. Anatoa uchafu, buibui, na wale viwavi wa nondo wanaokula masega. Ile harufu haiondoi. Nyuki wanaotafuta makazi huvutwa na mzinga uliowahi kukaliwa kuliko mpya, na ndiyo maana mpya husuguliwa ndani kwa nta iliyotoka katika mikongwe. Tangu nikiwa mtoto naona anaweka donge la nta hiyo kwenye kopo la majani ya chai, juu ya dari, mahali ambapo wengine huweka fedha.

Basi nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya njiani tukitoka kibandani.

Stars ilivuka makundi kule Morocco kwa pointi mbili tu. Ilifungwa na Nigeria 2-1 mjini Fes, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, Msuva akifunga kwa penalti, kisha 1-1 na Tunisia, safari hii Feisal Salum. Angola nao walikuwa na pointi mbili, na tofauti ya mabao ileile. Kilichotupitisha sisi ni kwamba tulifunga mabao matatu na wao mawili. Sasa tazama bao la Charles M'Mombwa dhidi ya Nigeria: alisawazisha dakika ya 50, na hazikupita dakika mbili Lookman akatufunga tena. Usiku ule bao hilo lilionekana la bure kabisa. Mtu gani hukumbuka bao la timu iliyofungwa? Wiki moja baadaye ndilo lililotupeleka Rabat.

Rudi nyuma kidogo, mashindano ya Ivory Coast, Januari 2024. Tulipata pointi mbili vilevile, tukaruhusu mabao manne vilevile, tukashika mkia na kurudi nyumbani. Tofauti ni kwamba kule tulifunga bao moja. Morocco nao, kule San Pedro walitupiga tatu bila. Agosti 2025, robo fainali ya CHAN pale kwa Mkapa, moja bila, bao la Lamlioui. Rabat, moja bila tena. Na hao wa CHAN waliendelea mpaka wakabeba kombe.

Wala simpambi mtu. Tangu Lagos mwaka 1980 tumecheza mechi 13 za fainali za AFCON na hatujashinda hata moja. Kutoka 1980 hadi kurudi tena 2019 ni miaka 39 ya mzinga kuning'inia mtupu. Uwanja wetu wa hapa Tabora unaitwa Ali Hassan Mwinyi, na Mzee Mwinyi ndiye anayesifika kwa kuufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza kunyoa anakuja kujaribia hapo. Tulicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Mfuga nyuki mwaminifu hasemi mzinga mtupu una asali. Anasema una nta, na anaonyesha.

Mji huu wenyewe ni wa kuulizwa swali la baba mdogo. Misafara ya karne ya 19 ilipita hapa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kurudi, wapagazi wa Kinyamwezi wakibeba frasila mbili kila mmoja, na nyuma yao mara nyingi minyororo ya watu. Pembe za ndovu walizobeba zilikwenda zikawa vipini vya visu na vinanda vya Ulaya. Waliouzwa wengi hawakurudi. Walibakiza nini? Pale Kwihara kuna tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, na wageni huenda kulipiga picha. Kuna miembe, ambayo wazee wanasema ilitokana na kokwa za wasafiri. Kuna reli, iliyofika Tabora 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ileile ya miguu. Na kuna Kiswahili, ambacho kilipanda bara pamoja na mizigo, mtu akisalimiana na mtu asiyemjua kambini. Babu zangu waliongea Kinyamwezi. Haya yote nayaandika kwa kile kilichodondoka njiani. Kuisifu misafara kwa hilo siwezi. Kukitupa kilichodondoka nako siwezi.

Nilimpigia baba mdogo simu, nikamweleza habari ya bao la M'Mombwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe walibakiza," akasema. "Na wanacheza tena lini?"

Nikamwambia 2027, na mara hii mashindano yanakuja huku kwetu, Tanzania pamoja na Kenya na Uganda.

"Karibu hivyo?" Akanyamaza kidogo. "Basi wasikae sana na msiba. Na wewe njoo, nina kazi."

Nilikwenda Sikonge mwisho wa juma. Mizinga sita ilikuwa mitupu. Tuliishusha yote, tukaisafisha, akafungua kopo lake akaanza kusugua, na jua lilipokuwa linazama tulikuwa tumerudisha juu mitano. Wa sita ulikuwa umeoza. Tuliukwangua nta, tukaupasua kuni, tukachemshia chai.