Nasaba ya Mbwa: Kasoro za Rasimu Moja ya Istilahi

Hivi karibuni ililetwa mezani petu rasimu ya istilahi za ufugaji wa mbwa, na pamoja nayo tafsiri ya hati moja iliyofanywa kwa kuifuata rasimu hiyo. Mwenye hati alikuwa mzee mmoja aliyetaka kununua mtoto wa mbwa aina ya koka spanieli, ambaye wazazi wake waliletwa kutoka Uingereza. Kichwa cha tafsiri kilisomeka "Cheti cha Ukoo Bora", na chini yake yaliandikwa maneno "mbwa huyu ni wa ukoo wa mabingwa". Bei iliyotajwa ililingana na maneno hayo. Mzee aliuliza swali moja tu: je, ni kweli?

Tulipoitazama hati yenyewe tuliona kwamba haikudai jambo hilo hata kidogo. Aliyedai ni mfasiri, na mfasiri aliponzwa na rasimu. Ndiyo sababu tunaona yafaa rasimu hii ihakikiwe kabla haijafika mbali.

Tuanze na neno lenyewe. Kiingereza husema "pedigree", neno ambalo asili yake ni Kifaransa cha zamani, na maana yake ni mguu wa korongo. Waandishi wa nasaba za watu walikuwa wakichora alama ya mistari mitatu iliyotawanyika, mfano wa unyayo wa ndege huyo, ili kuonyesha nani kazaliwa na nani. Kwa hiyo neno hilo tangu mwanzo lataja maandishi, wala halitaji ubora. Mbwa koko alalaye nyuma ya soko la Kariakoo naye ana baba, na babu, na babu wa babu. Alichokosa ni mtu wa kuwaandika. Neno "bora" katika istilahi ya rasimu limeongezwa bila ya sababu, na kwa maoni yetu halina budi liondolewe.

"Ukoo" nao haufai. Ukoo ni jamaa wanaohesabiana kwa upande mmoja: kwa wengi wetu upande wa baba, kwa Waluguru na Wamakonde upande wa mama. Hati ya mbwa haina upande. Kila mbwa aliyemo hugawanyika kuwa baba na mama, hao wakawa wanne, kisha wanane, hata kufikia kizazi cha tano nafasi zote ni 62. Tunapendekeza "nasaba". Twakiri kwamba huko pwani nasaba nayo huhesabiwa kwa akina baba. Lakini angalau nasaba ni jambo litajwalo na kuandikwa, mtu baada ya mtu, na hilo ndilo linalotakiwa hapa. Tukishalikubali, "hati ya nasaba" na "kitabu cha nasaba" vinafuata vyenyewe. Chama kilichoasisiwa London mwaka 1873 kwa jina la Kennel Club kilitoa kitabu cha namna hiyo mwaka 1874, kikiwa kimekusanya habari za maonyesho ya tangu mwaka 1859.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno "bingwa". Rasimu imeweka neno hilo moja mahali pa vyeo viwili. Kwa kanuni za Uingereza, mbwa hupata ubingwa akishinda vyeti vitatu vya kuwania cheo hicho, kutoka kwa waamuzi watatu mbalimbali, na angalau kimoja akipate akiwa amepita umri wa miezi 12. Lakini mbwa wa kuwindia ndege, ambao koka spanieli ni mmoja wao, akitimiza hayo huwa bingwa wa maonyesho tu. Ili aitwe bingwa pasipo nyongeza ni lazima athibitishe pia kwamba kazi ya mawindo anaiweza. Mmoja amesifiwa umbo na mwendo wake uwanjani. Mwingine ameongeza na kazi. Kuwaita wote "bingwa" ni sawa na kumwita fundi mtu aliyevaa vizuri nguo za fundi.

Tena cheo hicho ni cha mbwa mmoja na hakirithiwi. Katika hati ya mzee, kama ilivyo desturi, mabingwa waliandikwa kwa wino mwekundu. Palikuwa na majina mawili mekundu, yote katika kizazi cha tano, moja upande wa baba na moja upande wa mama. Tulipoyasoma kwa makini tukakuta ni mbwa yule yule, na cheo chake ni cha maonyesho. "Mabingwa" wa tafsiri, basi, ni mmoja. Babu wa kizazi cha tano huchangia kwa wastani sehemu moja katika 32. Huyu, kwa kuwa ametokea mara mbili, sehemu moja katika 16. Asomaye nasaba kwa nia ya kununua hutazama kwanza wazazi na babu, na hapo hapakuwa na wino mwekundu.

Jina kujirudia pande zote mbili ni jambo ambalo rasimu imeliita "uzinifu wa ndugu". Tulistaajabu. Mbwa hapelekwi kwa kadhi. Wafugaji husema "kupandisha ndugu kwa ndugu", nalo latosha. Kiasi chake kina hesabu, iliyotolewa na Sewall Wright mwaka 1922. Kwa mbwa wa mzee ni sehemu moja katika 512, jambo dogo sana.

Si dogo kila mahali. Wako mbwa wa bonde la Kongo waitwao basenji, jina ambalo huhusishwa na neno letu "washenzi". Walionyeshwa Crufts, London, mwaka 1937, na tangu hapo "mshenzi" akawa mwenye nasaba. Waanzilishi wao walikuwa wachache, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea. Mwaka 1990 American Kennel Club ilifungua tena kitabu chake ili kuwaingiza mbwa 14 kutoka nchi hiyo hiyo, wakati huo ikiitwa Zaire. Mbwa hao hawakuwa na hati yoyote, na ndio waliotafutwa. Mtunzi wa "ukoo bora" angewaweka wapi?

Tafsiri tuliyompa mzee inasema: "Hati ya nasaba ya vizazi vitano; katika kizazi cha tano yumo bingwa mmoja wa maonyesho, ametajwa mara mbili." Aliisoma, akaikunja, akasema, "Mwanangu, basi bei hii itabidi tuizungumze upya."