Darubini Isiyo na Usukani

Ukiambiwa darubini inaendeshwa kwa mbali, haraka unamwona mtu ameshika kipanya, anaipeleka kushoto, anairudisha kulia, nyota zinapita kwenye kioo cha kompyuta. Kuna darubini za namna hiyo, na watoto wa shule huzifurahia sana. Ile inayohudumiwa kutoka Uccle, kusini mwa Brussels, haina mwendeshaji wa aina hiyo, na ndiyo maana naona ina mengi zaidi ya kumfundisha mwanafunzi.

Nazungumzia SWAP, darubini ndogo ya Jua iliyo ndani ya PROBA2, setilaiti ya Shirika la Anga la Ulaya (ESA). Setilaiti hiyo ilirushwa kutoka Plesetsk, Urusi, tarehe 2 Novemba 2009, ikiwa na uzito wa kilo 130 hivi, na kila upande wake haufiki meta moja. Ilipangiwa kazi ya miaka miwili. Imevuka muongo mzima ikiwa bado inatuma picha.

Uccle ndiko iliko Royal Observatory ya Ubelgiji, iliyoanzishwa mwaka 1826 na kuhamishiwa huko mwishoni mwa karne ya 19, baada ya mji kuizingira ilikokuwa. Mji ukaifuata. Mwaka 1932 Eugène Delporte bado aliweza kugundua asteroidi ya Amor akiwa hapo hapo Uccle, lakini leo usiku wa Brussels umejaa taa. Wabelgiji wengine walichukua vioo vyao wakaenda mbali: Chuo Kikuu cha Liège kiliweka TRAPPIST, darubini ya roboti yenye kioo cha sentimeta 60, kwenye mlima wa La Silla nchini Chile mwaka 2010, nayo ikaja kufichua sayari zinazoizunguka nyota ambayo sasa inaitwa TRAPPIST-1. Kwa SWAP hata Chile isingesaidia. Inatazama mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 17.4, na mwanga huo humezwa wote na angahewa. Hakuna mlima wa kutosha, iwe Andes au Kilimanjaro.

Basi inaendeshwaje? Kwa ratiba. Wanasayansi wa Uccle huketi na kupanga mapema setilaiti itafanya nini siku zijazo: picha zipigwe kila baada ya muda gani, kipimo gani kiwashwe, lini majaribio maalumu yafanyike. Maelekezo hayo hupelekwa Redu, kijiji cha milima ya Ardennes kinachojulikana zaidi kwa maduka yake ya vitabu vya mitumba, ambako ESA ina antena zake. Setilaiti inapopita juu hupokea amri, humwaga data, kisha huenda zake. Mzunguko mmoja ni kama dakika 100, na sehemu kubwa ya muda huo iko peke yake.

Upweke huo umeamua mengi katika usanifu wake. Ili ijue imeelekea wapi, setilaiti hutumia kamera za nyota, na kamera hizo hupofuka Dunia ikiingia mbele yake. Dawa yake ni kwamba katika kila mzunguko chombo kizima hujigeuza mara nne, nyuzi 90 kila mara, huku uso wake ukibaki umeelekea Jua. Kwa hiyo picha ghafi za SWAP hufika zikiwa zimelala kila upande, na programu ya Uccle huzisimamisha kaskazini ikae juu. Mwanafunzi anayepakua picha zilizokwisha kunyooshwa huenda asijue kamwe. Akichukua data za LYRA, kipimo cha mwanga kilicho kwenye setilaiti hiyo hiyo, atakutana na vijiruko vya kila robo ya mzunguko, na kama hajui habari ya kugeuka anaweza kudhani amegundua jambo jipya kuhusu Jua.

LYRA yenyewe ni somo la uangalifu. Ina vitengo vitatu vinavyofanana kazi. Kimoja ndicho kinachotumika kila siku, na vichujio vyake vimechakaa kwa kupigwa na urujuanimno. Kingine hufunguliwa kwa nadra ili kupima uchakavu wa kile cha kwanza. Mimi naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika mradi huu, ingawa hautoi picha hata moja ya kupamba jarida.

Picha ziko wazi kwa yeyote. Kila moja ina piseli 1024 kwa 1024, na piseli moja ni zaidi kidogo ya sekunde-tao 3, hivyo duara la Jua linachukua piseli 600 hivi. Mwanafunzi wa Dodoma mwenye kompyuta ya kawaida na SunPy, programu ya bure, anaweza kufuata sehemu angavu iliyo karibu na ikweta ya Jua. Kwa kuwa Jua linaonekana kuzunguka kwa siku 27 hivi, yaani nyuzi 13 na kidogo kwa siku, sehemu hiyo ikipita katikati itasogea karibu piseli 70 kwa siku. Akipata 75, aanze kuuliza kwa nini, maana gesi hiyo angavu huelea juu kidogo ya uso wa Jua. Walimu waliokwenda Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 kutazama Jua likipatwa kwa umbo la pete wanaweza kuanzia hapo: pete ile ilikuwa kali mno kwa taji la Jua, yaani angahewa yake ya nje, kuonekana, ilhali taji hilo ndilo SWAP inalopiga picha kila siku.

Data za bure, hata hivyo, hazimfundishi mtu kuomba. Uccle ina mpango wa watafiti wageni, ambamo mtu wa nje hupendekeza uchunguzi wake na, akikubaliwa, huja kufanya kazi na timu. Tuseme anataka SWAP itazame pembeni mwa Jua, mbali zaidi kwenye taji. SWAP haina shingo. Lazima setilaiti nzima iinamishwe, na ikiinama vipimo vya LYRA vya saa hizo vinaharibika. Kwa hiyo ombi lake lieleze si faida tu, bali pia ni saa ngapi za data ya mwenzake atakazozigharimu.