Kipenga na Ulimi: Namna Tunavyomhukumu Mwamuzi

Atokaye Lushoto kwa njia ya Mlalo, akateremka upande wa kaskazini wa milima ya Usambara, hufika katika nchi tambarare yenye joto na miti ya miiba. Hiyo ndiyo nyika, kama Washambaa wanavyoitenga na milima yao; na hapo ndipo ilipo Mnazi, penye mashamba ya mkonge na watu wa makabila mbalimbali. Jioni, jua linapopunguza makali, vijana hucheza kandanda na wazee huketi pembeni kutazama. Nasi tumepata kuketi nao, na tuliyoyasikia siku moja ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya.

Timu ya nyikani ilikuwa ikipambana na timu iliyoteremka kutoka milimani. Mwamuzi alikuwa kijana aliyeombwa asubuhi ile ile, na ujira wake ulikuwa chupa moja ya soda. Washika vibendera walikuwa watazamaji wawili waliookotwa ukingoni. Zilipobaki dakika chache, mwamuzi alikataa bao la wenyeji kwa kosa la kuotea. Kabla kipenga hakijatoka kinywani mwake aliitwa mwizi, akaitwa kipofu, akaambiwa amenunuliwa. Mwishowe akatukaniwa mama yake. Wahenga walisema kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi. Lakini katika maneno yote yale hapana hata mtu mmoja aliyesema mchezaji alikuwa amesimama wapi mpira ulipopigwa. Juma lililofuata mpira ulikuwapo na timu zilikuwapo, ila hakupatikana mtu wa kushika kipenga. Mechi haikuchezwa.

Sisi si waamuzi wala si makocha. Tumelelewa katika utungaji wa mashairi, na watunzi wamezoea kukosolewa. Mshairi amkosoapo mwenzake katika malumbano humwambia: ubeti wa tatu, mshororo wa pili, mizani imepungua, au, kina cha kati kimepotea. Aliyekosolewa huweza kuhesabu mwenyewe, akakiri au akajibu. Lakini asemaye tu kwamba fulani si mshairi, huyo hajakosoa, ametukana. Twaona kwamba kipimo hicho hicho chafaa uwanjani. Amkosoaye mwamuzi yampasa aijue sheria, awe ameliona tendo, na alitaje kosa pasipo kumvunjia mtu heshima yake. Lugha ya viwanja vyetu aghalabu hukosa yote matatu.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Kuamua, katika matumizi yake ya zamani, ni kuwatenga watu wanaopigana. Basi mwamuzi ni yule aingiaye kati ya wagomvi wawili, naye huenda akapata kipigo kisicho chake. Nchi ya Usambara yaijua sana heshima ya mtu wa namna hiyo. Abdallah bin Hemedi, katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi, ameeleza jinsi Mbega, mwindaji mgeni aliyetoka Ngulu, alivyopokewa na watu wa milimani hata wakampa utawala. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, aliwagawia watu nyama, na alikata mashauri yao. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kuupendelea miongoni mwa wagomvi, na kwa hiyo neno lake liliweza kupokewa na pande zote. Leo twampokea mgeni mwenye kipenga kwa dhana kwamba ametumwa na adui.

Kandanda nayo ilifundishwa jambo hilo na historia yake. Zamani huko Uingereza kila timu ilileta mwamuzi wake, na wawili hao wasipopatana walimwendea mtu wa tatu aliyekaa nje ya uwanja. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mashauri yakawa hayaishi. Mwaka 1891 yule wa tatu aliingizwa uwanjani akapewa madaraka ya kukata shauri, na wale wawili wakawa washika vibendera. Kwa hiyo mamlaka ya mwamuzi hayakuwekwa kwa sababu yeye hakosei. Yaliwekwa kwa sababu mchezo hauwezi kuendelea pasipo mtu mmoja ambaye neno lake litakuwa la mwisho.

Kuhusu kuijua sheria, wazee wenzetu watusamehe. Hadi mwaka 1990 mshambuliaji aliyelingana na mlinzi wa pili kutoka mwisho alihesabiwa kuwa ameotea. Tangu mwaka huo, aliyelingana naye hajaotea. Wapo watu wazima ambao hadi leo humzomea mwamuzi kwa sheria waliyojifunza wakiwa shuleni.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi: nani hasa mwenye kosa? Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca nchini Mexico, Diego Maradona aliwafunga Waingereza kwa mkono. Mwamuzi, Ali Bennaceur wa Tunisia, hakuuona mkono ule; alimtazama msaidizi wake, naye hakuonyesha ishara ya kosa. Aliyedanganya alisifiwa kwa ujanja. Aliyedanganywa alibeba lawama miaka mingi. Mwaka 2015 Maradona alimtembelea Bennaceur nyumbani kwake Tunisia akamzawadia jezi. Twaiheshimu ziara ile, lakini ilichelewa kwa miaka 29.

Hapa nyumbani, tarehe 1 Oktoba 2016, Yanga ilipata bao dhidi ya Simba katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, nao wachezaji wa Simba wakalalamika kwamba mfungaji aliushika mpira kwa mkono. Nahodha wao alitolewa kwa kadi nyekundu, na baadhi ya mashabiki waling'oa viti vya uwanja uliojengwa kwa fedha za umma. Mechi iliisha kwa bao moja kwa moja. Tujiulize: kiti kilikosa nini? Na hasira isiyozuiwa yaweza kuvunja zaidi ya viti. Mwaka 1964 huko Lima, Peru, bao lililokataliwa lilizusha ghasia, polisi wakatupa mabomu ya machozi, na watu zaidi ya 300 wakafa katika msongamano wa milangoni.

Hatusemi kwamba waamuzi ni malaika. Mwaka 2018 mwamuzi msaidizi kutoka Kenya, aliyekuwa amechaguliwa kwenda Kombe la Dunia, alijiondoa baada ya kuonekana katika filamu ya uchunguzi akipokea dola 600. Yule alikosolewa kwa ushahidi, na ndivyo ipasavyo. Lakini maadamu kila uamuzi usiotupendeza twauita rushwa, siku rushwa ya kweli itakapokuja hatutakuwa na neno la kuiitia. Tena, Kombe la Dunia la mwaka 2018 lilitumia picha za video kuwasaidia waamuzi, na bado watu walibishana. Mashine huonyesha tendo. Kuamua ni kazi ya mtu.

Walimu na wanafunzi ndio tunaowaomba watengeneze jambo hili. Katika michezo ya shule, kila mwanafunzi apewe zamu ya kushika kipenga, hata asiyejua kucheza. Akishakimbia uwanja mzima, akaona miguu minne imegongana kwa nukta moja, akalazimika kusema neno huku wenziwe wakimtazama, atajua ugumu wa shauri. Na katika vipindi vya Kiswahili, mwalimu awatake wanafunzi waandike ukosoaji wa uamuzi mmoja walioushuhudia: sheria yasemaje, mchezaji alifanya nini, mwamuzi alikuwa amesimama wapi. Neno la tusi likionekana, likatwe kwa wino mwekundu.

Yule kijana wa Mnazi twamfahamu kwa sura. Twatumaini kwamba ataombwa tena, na kwamba atakubali.