Mkono Unaojua Kutulia

Ukichora mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi Kinshasa, utaikata Kivu Kusini. Majira ya mvua, mawingu yanayojengeka alasiri juu ya milima ya Itombwe, nyuma ya Fizi, huweza kupita kilomita 15 kwenda juu, na ndege ya abiria husafiri kwenye kilomita 11 au 12. Haiwezi kuyaruka. Huyazunguka, na hata pembeni yake hewa huchafuka vibaya. Hapo ndipo uonekanapo ufundi ninaousifu: rubani kuiacha injini itulie.

Siku za kawaida, mfumo otomatiki wa msukumo unastahili heshima. Rubani huupangia kasi, nao huongeza na kupunguza nguvu za injini saa baada ya saa. Lakini huamini kila unachoambiwa na kipima kasi. Upepo wa ghafla ukiipiga ndege kwa mbele, kipimo hupanda, ingawa ndege yenyewe, kwa uzito wake, haijabadili mwendo kwa kiasi cha maana. Mfumo hupunguza nguvu. Injini ya jeti haitii papo hapo. Kabla haijamaliza kushuka, upepo umekatika, kasi imeanguka, na nguvu inayohitajika imeshaondolewa. Mfumo husukuma tena kwa bidii, na upepo mwingine unaingia. Huko juu hewa ni nyembamba, akiba ya msukumo ni ndogo, na nafasi kati ya kasi ambayo mbawa hushindwa kuibeba ndege na kasi iliyokatazwa ni finyu. Kwa Boeing 737-800, ndege ambayo Kenya Airways huitumia, kasi ya kupitia msukosuko mkali ni noti 280 au 0.76 ya kasi ya sauti, ile iliyo ndogo. Ukomo ni 0.82.

Kwa hiyo mwongozo wa Boeing huagiza mfumo uzimwe katika msukosuko mkali. Rubani huweka msukumo unaotajwa kwenye jedwali kwa uzito na kimo chake, kisha huuacha, na huugusa tu kasi ikiyumba kupita kiasi. Airbus nao huagiza uzimwe msukumo unapobadilika mno. Kwenye ndege zao nyingi vishikio vya msukumo havisogei mfumo unapofanya kazi, hivyo rubani huusoma msukumo kwa macho kwenye vipimo. Kabla ya kuuzima lazima ajue mkono wake umeshika nguvu kiasi gani. Nauona uangalifu huo kuwa nusu ya kazi.

Watu wa Baraka, mji wa Fizi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, wanaielewa kazi hii bila kufundishwa urubani. Kiangazi, upepo wa kusini unapoinua mawimbi kuizunguka rasi ya Ubwari, mshika moteri aliyekomaa hafukuzani na kila wimbi. Tezi likiinuka na rafadha ikakaribia kutoka majini, hulegeza kidogo, kisha hurudi kwenye nguvu ileile. Anayepandisha na kushusha kwa hofu huwalowesha abiria na kuichosha moteri.

Kutofanya jambo kengele zikilia na sahani zikianguka ni kazi ngumu, na hujifunzwa kwa mazoezi mengi kwenye mashine za kuigiza safari. Wewe abiria, funga mkanda wakati wote uketipo, hata taa ikiwa imezimwa. Na ukisikia injini zikinguruma kwa sauti moja huku ndege ikitikisika, jua kwamba mbele kuna watu wanaoijua kazi yao.