Tumbo la Marudio

Mama aliyepunguzwa tumbo na hakuridhika huja na ombi lile lile: anyonywe mafuta kidogo yaliyobaki. Mara nyingi mafuta hayana kosa, na mrija ukirudishwa mle hali huharibika zaidi. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Kanama, wilayani Rubavu, anayeuza viazi na karoti katika soko la Mahoko. Amezaa watoto watatu, wa mwisho kwa kisu. Alikwenda Kigali, au Nairobi, au Istanbul, akarudi na tumbo lililolala chini ya kitovu na kutuna juu yake. Gauni humkaa vizuri akitazamwa kwa mbele; akigeuka ubavu, tumbo lile pale. Afanyiwe nini?

Ukuta wa tumbo una tabaka tatu zinazomhusu daktari wa upasuaji rekebishi: ngozi, mafuta yaliyo chini yake, kisha misuli pamoja na utando mgumu unaoifunika. Nyuma ya ukuta huo kuna mafuta mengine, yale yanayozunguka utumbo, ambayo upasuaji wa urembo hauyagusi. Hayo huondoka kwa kupungua uzito tu.

Kujua kosa liko wapi huanzia mikononi. Mgonjwa hulazwa chali. Tumbo likibaki limeinuka kupita mbavu, linasukumwa na mafuta ya ndani. Likizama akiwa amelala na kutuna akisimama, ukuta umelegea. Kisha huambiwa ainue kichwa kutoka kwenye mto bila kujisaidia kwa mikono. Katikati pakichomoza tuta refu kuanzia chembe ya moyo kushuka chini, misuli miwili iliyosimama sambamba imeachana, na daktari hupima pengo kwa vidole. Likizidi sentimita 2, huo ni mwachano. Mwisho hubana ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitovu, chini yake na kiunoni kwenye nyama uzembe, aone unene wa mafuta na kama ngozi ina ulegevu wowote uliobaki.

Mama yetu wa Mahoko, kwa dalili hizo, huenda alifanyiwa upasuaji mdogo: ngozi ikakatwa chini ya kitovu na misuli ikashonwa nusu ya chini peke yake. Nguvu ya kusukuma haikwenda popote, ilihamia juu. Kumnyonya mafuta hapo ni kupunguza unene wa kifuniko huku kilicho chini kikiendelea kutuna. Dawa yake ni kufunguliwa tena kwa nusu kaputi na kushonwa utando ule kuanzia chini ya mfupa wa kidari hadi kwenye kinena, kwa uzi mgumu usioyeyuka au unaochelewa kuyeyuka. Ni upasuaji mkubwa kuliko ule wa kwanza, na wengi wakiambiwa hivyo huaga.

Atakayebaki anapaswa kuelezwa habari ya damu. Ngozi ya tumbo hulishwa na mishipa inayotoboa misuli ya katikati, na mingine inayokuja kutoka ubavuni. Daktari Huger aliichora ramani hiyo kwa kanda tatu mwaka 1979, na hadi leo ndiyo inayofundishwa. Upasuaji kamili wa mara ya kwanza huinua ngozi na kuikata mingi ya mishipa ya katikati, na tangu hapo ngozi hutegemea zaidi pembeni. Daktari wa pili akiinua ngozi kwa upana ule ule, kisha akanyonya mafuta ya ubavuni siku hiyo hiyo kwa pupa, anaikata njia iliyobaki. Matokeo huonekana katikati, juu kidogo ya mshono: ngozi hugeuka zambarau, kisha nyeusi. Kovu la zamani la kibofu cha nyongo chini ya mbavu za kulia huongeza hatari, maana lilishafunga njia ya upande mmoja. Mbrazili Osvaldo Saldanha alieleza mwaka 2001 namna ya kupita kwa handaki jembamba la katikati tu, mishipa mingi ikiachwa salama, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya kuanza nayo kufikiria katika tumbo lililokwisha kuguswa.

Mrija nao una hatari yake. Oktoba 2024 mjini Nairobi mwanamke alifariki baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki binafsi, na baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, likaifunga kliniki hiyo. Katika tumbo la marudio mkono wa daktari hupoteza hisia: makovu ya ndani hukaza mahali pamoja na kuachia ghafla pengine, na ngiri ndogo iliyojificha kwenye mshono wa zamani inaweza kuwa na utumbo ndani yake. Kwa hiyo kipimo cha ultrasaundi, kinachotafuta ngiri na pengo la misuli, kitangulie mrija wowote.

Kasoro nyingine ni nyepesi. Vipembe vya ngozi kwenye ncha za kovu hukatwa kwa ganzi ya kawaida, mgonjwa akaenda nyumbani siku hiyo hiyo, ingawa kovu litarefuka kidogo. Vibonde vilivyoachwa na mrija uliopita karibu mno na ngozi hujazwa mafuta yaliyotolewa pajani, na sehemu ya mafuta hayo humezwa na mwili, hivyo huenda kazi ikarudiwa. Maji yaliyokaa miezi chini ya ngozi hujijengea mfuko. Kuyafyonza kwa sindano hakutoshi, mfuko wenyewe utolewe. Kovu lililopanda juu mno hushushwa iwapo tu kuna ngozi ya kushusha. Kama imekwisha, hakuna ujanja. Na mwenye asili ya makovu ya kuvimba asikatwe kovu lake bila mpango wa sindano za dawa baadaye, kwa kuwa hurudi likiwa kubwa zaidi.

Haya yote husubiri miezi 6 hadi 12 tangu upasuaji wa kwanza, uvimbe uishe na kovu lilainike. Uzito uwe umetulia, uzazi umekwisha, sigara imeachwa wiki 4 kabla na baada.

Kwa mtu wa Kanama kuna suala la barabara pia. Kutoka Kigali ni saa kadhaa za kukaa kwenye basi, kona baada ya kona, na kukaa kwa muda mrefu baada ya kushonwa misuli ya tumbo huongeza hatari ya damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Ni heri alale Kigali kwa ndugu mpaka mipira ya kutolea maji iondolewe, atembee kila siku, ndipo apande basi. Mituweli, bima ya afya ya jamii nchini Rwanda, hailipii urembo, kwa hiyo nauli na malazi viingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Jambo dogo kuliko yote ndilo linalowaponza madaktari wazuri: kitovu. Katika aina moja ya upasuaji mdogo shina la kitovu hukatwa kwa chini, ngozi ikavutwa, kitovu kikashuka sentimita 1 au 2 na kushikizwa tena. Hakuna kovu kuzunguka, na mgonjwa hufurahi. Lakini tangu siku hiyo kitovu hicho hulishwa na ngozi inayokizunguka peke yake. Daktari wa pili akikikata duara, kama ilivyo desturi ya upasuaji kamili, atakuwa amekitenga pande zote, na baada ya siku chache kitakufa. Kwa macho huwezi kujua kama shina lilikatwa. Hujulikana kwa ripoti ya upasuaji wa kwanza, ya ukurasa mmoja au kurasa mbili, ambayo mgonjwa ana haki ya kuiomba kabla hajaondoka hospitalini, na kama ni Uturuki, aiombe kwa lugha itakayosomeka Kigali. Ikikosekana, daktari mwangalifu huhesabu kwamba shina limekatwa, na hufanya kazi yake yote bila kukizungushia kisu kitovu hicho.