Kiwavi wa Kasense: Uhakiki wa Neno "Mageuko"

Wasomaji watatuwia radhi tukianza makala haya kwa mchezo wa watoto, maana huko ndiko neno tunalolihakiki linakopata jeraha. Tulipokuwa Kasense, mjini Sumbawanga, tuliwakuta watoto wameizunguka simu moja. Mnyama wa kubuni aliyekuwamo kiooni alimetameta, akatoweka, na mahali pake akasimama mwingine mkubwa zaidi. Watoto wakapiga kelele: "Amegeuka!" Hatua chache kutoka hapo, mzee mmoja aliyekuwa akikagua mahindi yake alitulalamikia kwamba wadudu wa siku hizi wamegeuka, dawa haiwaui tena. Kitenzi ni kimoja, mambo ni mawili, na tofauti yake si ndogo.

Mchezo wenyewe ni Pokémon, uliotolewa Ujapani mwaka 1996. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alikuwa mkusanyaji wa wadudu utotoni, na jambo hilo linaonekana dhahiri katika kazi yake. Kiwavi aitwaye Caterpie akifika ngazi ya 7 huwa Metapod, mwenye gamba gumu asiyejongea. Akifika ngazi ya 10 huwa Butterfree, kipepeo. Hapo mbunifu ameitazama dunia kwa jicho sahihi. Kosa limo katika jina. Wajapani waliyaita mabadiliko hayo *shinka*, neno lile lile ambalo wanabiolojia wao hulitumia kwa nadharia ya Darwin, na wafasiri wa Kiingereza wakafuata nyayo. Mfasiri wa Kiswahili akifungua kamusi hukutana na "mageuko" au "mageuzi", akaandika alichokikuta. Hatumlaumu sana, kosa amelirithi.

Sasa turudi katika shamba la mzee. Kiwavijeshi vamizi aliingia mkoani Rukwa mwaka 2017. Yai huanguliwa kiwavi, kiwavi hushuka udongoni akawa pupa, na pupa hutoka nondo. Penye joto safari yote huchukua siku 30 hivi, na penye baridi kama uwandani Ufipa huzidi. Hiyo ndiyo metamofosisi. Mdudu ni yule yule tangu mwanzo hadi mwisho, na urithi aliozaliwa nao haukubadilika hata chembe. Caterpie naye hafanyi zaidi ya hayo, ila yeye mchezaji anaweza kumzuia kwa kubonyeza kitufe, bahati ambayo mkulima hanayo.

Lakini alilolisema mzee ni jambo jingine kabisa. Hakuna kiwavi aliyeonja dawa, akaizoea, akageuka kuwa sugu. Kati ya viwavi wengi walikuwamo wachache waliozaliwa na uwezo wa kuistahimili. Wengi wakafa, wachache wakabaki, nao wakazaana; nondo jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Baada ya vizazi kadhaa shamba limejaa wana wa wale wachache. Hakuna hata mmoja aliyegeuka, ila kundi zima si lile tena. Bwana shamba asemapo "wadudu wameizoea dawa," mkulima hufahamu kwamba kila mdudu hujifunza kama mtoto anavyojifunza kula pilipili, naye huongeza kipimo cha dawa ile ile. Angeambiwa kwamba dawa hiyo inawachagua na kuwabakiza walio sugu, angeona mara moja kwa nini yampasa kubadilisha aina ya dawa. Ndiyo kusema neno baya huweza kumgharimu mtu gunia.

Ugumu wetu umo katika kitenzi chenyewe. "Kugeuka" humtaka mtendaji mmoja: katika hadithi zetu fisi hugeuka mtu, na msikilizaji hujua kwamba ni fisi yule yule. "Mageuzi" nayo, kwa kuwa yametoka katika "kugeuza", hudai awepo mgeuzaji. Tena tangu vyama vingi viliporudishwa nchini mwaka 1992 neno hilo limeshikwa na wanasiasa. Wala si Kiswahili peke yake kilichoteleza. Huko Ulaya, mwaka 1744, Haller alilitumia neno lao kwa kukua kwa kiinitete, na Darwin mwenyewe, katika toleo la kwanza la kitabu chake la mwaka 1859, hakulitumia jina hilo. Kitenzi chake tu ndicho kilichofunga kitabu.

La ajabu ni kwamba mchezo huu unacho kitu kinachokaribia mageuko ya kweli, nao haukukipa jina hilo. Katika matoleo ya mwaka 2016 yumo mbweha wa moto ambaye jamii yake ilihamia milima ya theluji, ikawa na umbo na tabia nyingine. Hilo mwalimu wa Sumbawanga aweza kulifundishia kwa samaki wa Ziwa Tanganyika: kuhe, anayekaribia sentimita 80, na mdogo asiyezidi sentimita 5 aishiye ndani ya makombe ya konokono, wote ni wa jamaa moja ya perege, na ziwa hilo lina spishi zaidi ya 200 za jamaa hiyo. Hakuna kuhe aliyewahi kuwa yule mdogo, katika ngazi yoyote.

Kwa maoni yetu, wanyama wa mchezo waachiwe "kupevuka", na tendo liitwe "mpevuko". "Metamofosisi" ibaki kwa wadudu na vyura, kwa kuwa shule zimekwisha kuizoea. "Mageuko" hatuoni haja ya kuyatupa, mradi mtendaji wa sentensi awe spishi au kizazi, asiwe kamwe kiumbe mmoja. Lalamiko la mzee wa Kasense, likiandikwa katika kijitabu cha wakulima, tungelisanifu hivi: "Dawa imewaua wasio sugu, na shamba limerithiwa na wana wa walio sugu."